Si betri, Kaka

Manchester, usiku wa kuamkia Jumamosi

Kaka Kombo,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, na natumai mguu wa Mama umepungua uvimbe. Sauti uliyonitumia Jumatatu nimeisikiliza mara tatu. Laki nane unazoniomba za betri za sola nimezisikia, na kile kicheko chako cha mwisho nimekisikia vilevile: ati mwaka wa nne huu nasomea betri, na nyumbani mnalala giza.

Kaka, mimi sitengenezi betri. Natengeneza superkapasita. Nilikueleza Idi Kubwa, wewe macho yako kwenye mpira. Betri ni ghala: umeme unaingia ndani kabisa kwa kemia, taratibu, na kutoka ni taratibu. Superkapasita ni jamvi. Chaji inalala juu juu tu, kama karafuu uani kwetu, na wingu likitanda mara moja mmeshazizoa. Ndiyo maana inajaa kwa sekunde, na unaweza kuijaza na kuimaliza mara laki kadhaa isichoke. Ila jamvi halichukui mzigo wa ghala. Kilo moja ya superkapasita inabeba wati-saa 5 hadi 10. Betri ya lithiamu ya uzito huo inapita 150. Shanghai mwaka 2006 walianza kutumia basi za superkapasita zinazojazwa kituoni abiria wakipanda, lakini basi hizo hazikwenda mbali bila kujazwa tena. Kwa hiyo hata nikikuletea zangu, taa ya Mama haitafika alfajiri.

Kazi yetu hapa ni kulikuza jamvi bila kupanua uani. Kaboni tunaitoboa vitundu vya nanomita, yaani mita moja uigawe mara bilioni, mpaka gramu moja inakuwa na uso wa mita za mraba 2,000. Gramu tatu na nusu, ambazo hazijazi kiganja, ni karibu uwanja mzima wa mpira wa Gombani, kwetu Pemba! Mji huu ndio walikobandua grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja tu, mwaka 2004, Geim na Novoselov, kwa utepe wa gundi tu, wakapewa Nobel 2010. Basi maabara kila mtu ni grafini, grafini. Mimi nikasema kwetu kuna vifuu. Mkaa wa vifuu viwanda vinautumia siku nyingi, sikuuvumbua mimi, lakini nilitaka vya Wete.

Vile alivyoniletea Time kutoka nyumbani nilivipokea bado vina harufu ya mbuzi na machicha, nikakaa navyo kitandani kama mjinga. Fungu la kwanza hewa iliingia kwenye tanuri. Asubuhi nikakuta majivu ya kijiko kimoja. Sikumwambia mtu. La pili nikalichanganya na potasi kali, nyuzi 800 ndani ya naitrojeni, nikaliosha siku nzima mpaka maji yakatoka safi. Ukiligusa ni laini kuliko wanja wa Mama. Nikatengeneza vidude vitatu mfano wa betri ya saa, nikaviunga, nikatia taa nyekundu ndogo. Nimesoma Alhamdu mara saba, bado inawaka! Profesa akawaita wengine waje kuona. Kwenye kisanduku nimeandika WETE 2, na wazungu wanahangaika kulitamka.

Betri zenu unaziua mwenyewe. Za asidi hazitaki kukamuliwa mpaka tone la mwisho, na wewe unawasha friji ya soda usiku kucha. Umesahau sisi tulisoma kwa koroboi, kabla waya wa umeme wa Tanga haujafika Pemba 2010? Shangazi alipokimbia giza la Unguja, ile miezi mitatu umeme ulipokatika, alikuja kwetu akacheka: "Nimekimbia mvua nimeingia mtoni." Safari hii nunua ya lithiamu, moja, nzuri. Nitatuma laki nne mwisho wa mwezi. Kazi ya usiku ninayo, hiyo tuiache hapo.

Sasa lililonikaa rohoni. Mikarafuu ya Mtambwe umeikodisha, na mimi naambiwa na watu baki. Ile kumi na miwili Baba alituachia sote, na mmoja nimeanguka kutoka juu yake mimi mwenyewe, kovu ninalo. Laki nane unanililia, ya mikarafuu umeipeleka wapi? Sitaki unijibu kwa sauti, watu wanasikia. Niandikie.

Mama mpe shikamoo yangu. Time akirudi mpe vifuu vingine, vikavu, msivitie jikoni, na makonyo, vile vikonyo vya karafuu, nusu pishi, nataka kuyajaribu. Makonyo yatoke Mtambwe, kama mwenye kukodi atakuruhusu kuingia.

Mdogo wako,
Seif