Ufunguo wa sanduku la maoni anao nani?

Ndugu Mhariri,

Nimefanya kazi miaka minane kwenye ghala la kampuni moja kubwa hapa Mtwara. Naomba nafasi niseme machache kuhusu haya maadili ya kazi ambayo makampuni yanayatangaza kila kukicha.

Kila Januari tulipanga foleni kantini kusaini karatasi iliyoandikwa "Nimesoma na kuelewa mwongozo wa maadili." Mwongozo wenyewe ulikuwa wa Kiingereza, nakala moja, mezani kwa karani. Vibarua wa kupakia mizigo, ambao ndio wengi, hata hiyo karatasi hawakupewa. Mkaguzi kutoka makao makuu akija anakuta faili limejaa saini, anaridhika, anaondoka.

Mwaka mmoja nikaanza kuona dizeli haitimii. Hati ya gari inasema lita elfu kumi, lakini nikichovya kijiti kwenye tangi baada ya kushusha, unyevu unaishia vidole vitatu chini ya alama. Nakifuta kwa tambara, nachovya tena, ni vilevile. Msimamizi akaniambia nisaini tu, eti joto la Mtwara ndilo linapunguza mafuta. Mtunza ghala yeyote anajua joto huyatanua mafuta.

Nikaandika yote kwenye karatasi bila jina, nikaikunja mara nne, nikaitumbukiza kwenye sanduku la maoni. Siku ya tatu nikaitwa. Karatasi yangu ilikuwa mezani kwa meneja, na mikunjo yake ileile. Hakunifokea. Aliniuliza watoto hawajambo. Wiki iliyofuata nikahamishiwa zamu ya usiku getini, na mkataba ulipokwisha sikuitwa tena.

Kuandika kanuni kila kampuni inaweza. Enron, kampuni kubwa ya nishati ya Marekani, ilikuwa na kitabu cha maadili cha kurasa 64 mwaka 2000. Agosti 2001 mmoja wa wakubwa wake, Sherron Watkins, alimwandikia mwenyekiti Kenneth Lay kumwonya kuhusu hesabu za kampuni. Baada ya barua ile mawakili wa kampuni wakaulizwa kama anaweza kufukuzwa kazi. Desemba mwaka huohuo Enron ikafilisika.

Sisi sheria tunazo. Ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 haiwahusu watumishi wa serikali peke yao, na makampuni binafsi yamo. Mwaka 2015 ikaja nyingine ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Lakini mfanyakazi anayelinda ugali wa wanawe haanzi kwa kwenda mahakamani. Anaanza na lile sanduku, na likimsaliti siku ya kwanza hatafungua mdomo tena, wala wenzake waliomwona akihamishiwa getini.

Kwa hiyo nawaomba wenye makampuni yaliyopo hapa, na yale yatakayokuja na mradi wa gesi tunaousubiri kule Likong'o, Lindi: ufunguo wa sanduku na simu ya malalamiko visikae kwa meneja wa kituo. Vikae kwa kamati ya ukaguzi ya bodi, maana meneja naye anaweza kuwa ndiye anayelalamikiwa. Mwongozo usomwe kwa Kiswahili, kwa sauti, vibarua wakiwemo, watu waulize maswali. Na mtu akitoa taarifa kisha akahamishwa au akanyimwa mkataba, meneja aieleze bodi sababu kwa maandishi kabla ya hatua hiyo kuchukuliwa. Hili la mwisho ndilo lingeniokoa mimi.

Juzi kijana wa mtaani kwetu ameajiriwa palepale nilipotoka. Alinipitia nyumbani jioni akaniuliza kile kisanduku pembeni ya kantini ni cha nini. Sikuweza kumwambia akitumie. Nilimwandikia namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, 113, kwenye kipande cha karatasi, nikamwambia akipiga haitozwi.

Mtunza ghala wa zamani,
Chikongola, Mtwara