Barua ya wazi kwa wanafunzi wa mwaka wa pili mnaotamani kusoma nje

Wanangu,

Hamjambo, na poleni na majaribio. Nawaandikia ninyi wa mwaka wa pili kwa makusudi. Wa mwaka wa tatu nao wasome, ila wao muda umeshawabana. Kila ikifika Septemba vijana huulizana kwenye magrupu ya WhatsApp ni skolashipu zipi zimefunguliwa, wakati mambo ambayo kamati ya ufadhili itayatazama yalishaamuliwa zamani: GPA yako (wastani wa alama zako zote za chuo) ni ngapi, nani anakufahamu kiasi cha kukuandikia barua, na umefanya nini nje ya darasa. Anayeanza mwaka wa pili bado ana mihula minne ya kuyatengeneza.

Nianze na GPA, kwa kuwa ndiyo chujio la kwanza. Skolashipu ya uzamili ya Jumuiya ya Madola, ile ya kusoma Uingereza, hutaka angalau daraja la pili la juu, yaani 3.5 kwa mizani yetu ya 5 hapa Tanzania. Wajerumani wana hesabu yao. Wanachukua alama ya juu kabisa wanatoa yako, wanagawanya kwa tofauti kati ya alama ya juu na ya chini ya kufaulu, wanazidisha kwa 3, kisha wanaongeza 1. Kwetu ya juu ni 5 na ya kufaulu ni 2, kwa hiyo hesabu yote inafupika: 6 toa GPA yako. Mwenye 3.8 kwao anasomeka 2.2, na kwao namba ndogo ndiyo bora. Programu nyingi za uzamili zimeweka mpaka wa 2.5, yaani 3.5 yetu kamili. Mwenye 3.4 barua yake ya maelezo, ile ya kueleza kwa nini anaomba, hata iwe nzuri namna gani, huenda isisomwe kabisa. Na msisahau kwamba GPA zetu hukatwa kwenye desimali moja, hazisogezwi juu: 3.49 inaandikwa 3.4.

Sasa itazameni sapu, yaani mtihani wa marudio wa aliyefeli somo, kwa jicho hilo. Shahada ya miaka mitatu ina krediti zipatazo 360. Somo la krediti 12 ukilifaulu kwa sapu, hata ujibu vizuri vipi, unaandikiwa C, pointi 2. Ungelipata B+ mara ya kwanza ungekuwa na pointi 4. Tofauti ni pointi 2 mara krediti 12, yaani 24, kugawanya kwa 360, karibu 0.07. Sapu mbili za namna hiyo zinatosha kumtoa mtu kwenye 3.6 hadi 3.47, na transkripti itasema 3.4. Wengi husema "si nimefaulu?" na ni kweli wamefaulu, lakini kuna mlango umefungwa bila wao kujua.

Ndiyo maana msaada wa masomo hutafutwa wiki ya tatu au ya nne ya muhula, matokeo ya jaribio yakiwa bado hayajabandikwa. Nenda ofisini kwa mwalimu ukiwa na karatasi mkononi: swali ulilojaribu, hatua ulizopita, na mstari ambao umekwama. Mwalimu mwenye wanafunzi 300 akiambiwa "sijaelewa topiki ya tatu" hana pa kushika. Akionyeshwa mstari wa nne uliokosewa, dakika tano zinamtosha. Rudi tena wiki ya pili yake na swali lingine. Pia una mshauri wa kitaaluma aliyepangiwa jina lako, na wengi humaliza chuo hawajui ofisi yake ilipo. Uliza idarani kesho.

Ziara hizo zina faida ya pili, nayo ndiyo ninayotaka muishike sana. Barua ya mapendekezo huzaliwa pale. Barua dhaifu zote zinafanana: "Ni kijana mwenye bidii na nidhamu, alipata B+ katika somo langu." Kamati hazioni mtu pale. Barua yenye nguvu inasema ulichofanya: kwamba takwimu za ripoti yako hazikukubaliana na ulichotarajia, ukarudi kuzikusanya upya, na jinsi ulivyolieleza jambo hilo. Mwalimu hawezi kuandika hayo kama hajawahi kukuona. Kwa hiyo usimkimbilie mkuu wa kitivo kwa sababu ya cheo chake. Mhadhiri kijana aliyekusimamia utafiti ni bora mara nyingi.

Ukimwomba, mpe wiki sita. Mpelekee kwa pamoja transkripti yako, wasifu wa kurasa mbili, tangazo la programu, tarehe ya mwisho, na aya moja ya kumkumbusha ulichofanya kwenye somo lake. Muulize anwani yake ya barua pepe ya chuo, maana barua iliyotumwa kutoka anwani binafsi mara nyingine hutiliwa shaka. Mifumo mingi humtumia mwalimu kiungo moja kwa moja na kiungo hicho hupenda kuangukia kwenye spamu. Mwambie siku hiyo hiyo atazame huko. Mkumbushe wiki mbili kabla, kisha siku tatu kabla, kwa adabu. Akikujibu "andika mwenyewe niweke sahihi," mwombe kwa upole akupe dakika kumi umweleze, aandike yeye. Barua mbili zenye mtindo mmoja wa uandishi hugundulika.

Majina. Hapa watu wanaumia kwa kitu kidogo kabisa. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mwajuma H. Saidi, cha kuzaliwa kinasema Mwajuma Hamisi Said, chuo kimeandika Saidi Mwajuma. Ubalozini hao ni watu watatu. Kwa kuwa vyeti vya NECTA (Baraza la Mitihani), kama hicho cha kidato cha nne, ni vigumu kubadilishwa, panga vingine vikifuate hicho, na palipobaki tofauti pata hati ya kiapo kwa wakili mapema. Pasipoti iombe baada ya majina kukaa sawa, kwa sababu inadumu miaka 10 na ada yake, shilingi 150,000, si pesa ya kulipa mara mbili kwa mwanafunzi anayeishi kwa bumu, yaani pesa ya mkopo wa masomo.

Kuhusu ufadhili wenyewe nitasema machache, kwa kuwa masharti yamo kwenye tovuti zao na ni lazima uyasome mwenyewe. Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, hutaka saa 2,800 za kazi, ambayo ni saa 35 kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka, miaka miwili. Kazi za kujitolea na za muda zinahesabiwa. Fildi ya lazima ya chuo, yaani mafunzo kwa vitendo, haihesabiwi. Basi kwa kila kazi weka daftari: tarehe, saa, kazi uliyofanya, jina la msimamizi. Ukimaliza masomo unatakiwa urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili, kwa hiyo fikiri kabla hujaomba. Erasmus Mundus, ya Umoja wa Ulaya, haina kwa kawaida sharti la miaka ya kazi na hupokea walio mwaka wa mwisho, mradi shahada ipatikane kabla masomo hayajaanza. Inalipa ada na euro 1,400 kwa mwezi, ila nauli na viza hutoka humo humo, na unasoma nchi zisizopungua mbili. Madirisha yake mengi ya maombi hufunguliwa Oktoba na kufungwa kuanzia Desemba hadi Februari.

Kuna njia ambayo wengi huipita bila kuiona: kubadilishana wanafunzi kwa muhula mmoja, ukiwa bado wa chuo chako. Nenda ofisi ya uhusiano wa kimataifa uulize chuo chetu kina mikataba na nani. Kabla ya kuondoka, mkataba wa masomo usainiwe na pande zote, ukionyesha kila somo la huko litahesabiwa badala ya somo gani la hapa na kwa krediti ngapi. Asiyefanya hivyo hurudi akakuta muhula wake haumo kwenye transkripti, akarudia mwaka.

Barua ya maelezo isianze na "tangu nikiwa mdogo nilipenda kusaidia jamii." Aliyeandika "nataka kusomea usimamizi wa maji ili nisaidie Tanzania" hajasema kitu. Sema visima vya kijiji kipi vinatoa maji ya chumvi, wewe ulipima nini, ulishindwa kujua nini, na ni kozi ipi ya programu hiyo inayofundisha jambo hilo.

Mawakala sitawazungumzia sana. Kuomba Chevening, Erasmus Mundus au Türkiye Bursları ya Uturuki ni bure. Anayekutoza "ada ya fomu" anakuibia.

Ukishapata, kazi haijaisha. Anayekwenda Ujerumani bila ufadhili anadaiwa kuonyesha akaunti maalumu yenye euro 11,904 kwa mwaka, kiwango kilichoanza Septemba 2024, ndiyo maana "Ujerumani hakuna ada" ni habari nusu. Na jimbo la Baden-Württemberg lenyewe huwatoza wanaotoka nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Uingereza, kwa masomo yanayozidi miezi sita, inataka cheti cha kupimwa kifua kikuu ambacho nacho hudumu miezi sita tu, kwa hiyo usipime mapema mno. Na kabla hujalipa hata senti kwa chuo chochote cha nje, ulizeni TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kama kinatambuliwa, na mwombe cheti chao cha kutokuwa na pingamizi. Shahada isiyotambuliwa itawakwamisha siku mtakapoomba kazi serikalini.

Wenu,
Mwalimu mstaafu