Scar si mjomba, ni baba mdogo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua, nipate kuwatetea wajomba.

Juzi wajukuu waliniwekea ile katuni ya simba ya mwaka 1994, The Lion King, kwenye flashi waliyoazima kwa jirani. Juu ya sauti za Kiingereza mtafsiri ameweka yake ya Kiswahili. Anachekesha kweli, na ugomvi wangu naye ni mmoja tu. Tangu mwanzo hadi mwisho, yule simba mwenye kovu, Scar, anaitwa "mjomba" na Simba, yule mtoto wa mfalme. Scar ni mdogo wake Mufasa, na Mufasa ndiye baba yake Simba. Tangu lini mdogo wa baba akawa mjomba? Huyo ni baba mdogo, na Simba kwake si mpwa, ni mwana. Nililisema hilo kwa sauti, wajukuu wakanijibu, "Babu, tuache tuangalie."

Ningenyamaza, lakini nina binti wa dada yangu, ambaye kwake mimi ndiye mjomba hasa, anamalizia shahada ya isimu, na tasnifu yake ni juu ya vitendo uneni, yaani mambo tunayoyatenda kwa kusema, katika mazungumzo ya filamu hiyohiyo. Kwenye ukoo wamemcheka: tumeuza mbuzi tulipe ada, kumbe mtoto yuko chuoni anaangalia katuni. Alipokuja likizo nikamwomba anieleze. Akaniambia habari za Austin, mwanafalsafa wa Oxford, aliyetoa mihadhara Harvard mwaka 1955, ikatoka kitabu mwaka 1962 mwenyewe akiwa ameshafariki. Alichosema bwana huyo ni kwamba yapo maneno ambayo ukiyatamka umeshalitenda jambo. Anayesema "naahidi" hasimulii ahadi, ameshaahidi. Baadaye, mwaka 1975, Mmarekani John Searle akayapanga matendo hayo mafungu matano: kueleza, kuagiza, kujifunga kwa ahadi, kuonyesha hisia, na kutangaza jambo likawa.

Nikamwambia, "Mama, hayo mimi nimeyaandika kwa mkono miaka ishirini na saba." Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo. Enzi zangu hakimu alikaa na wazee wa baraza wawili, mshitakiwa akasomewa shitaka, akaulizwa, "Ni kweli au si kweli?" Hapo maneno mawili tu yanaweza kumlaza mtu ndani.

Akanionyesha jedwali lake. Kila sentensi ya filamu ina mstari wake, na mbele ya kila sentensi alama ya fungu. Yenye kitenzi cha amri ni agizo, yenye alama ya kuuliza ni swali, mwishoni anajumlisha na kutoa asilimia. Kazi safi kwa macho. Ila nilipofika mahali Scar anazungumza na mtoto, nikamwomba kalamu.

Tazama anavyofanya. Simba anajigamba kwamba baba amemwonyesha ufalme wote. Scar anauliza: hata kule nyuma ya kilima cha mpaka wa kaskazini? Mtoto anasema kule amekatazwa. Scar anaafiki: baba yako yuko sahihi kabisa, kule ni hatari, huenda simba mashujaa tu. Halafu anajifanya ulimi umemteleza, anataja makaburi ya tembo, anashtuka eti amesema mengi mno. Mwisho anamtaka mtoto aahidi kwamba hatakwenda, na iwe siri yao wawili. Kwa jedwali la binti hapo pana swali, maelezo, ombi na ahadi. Kwa masikio yangu hapo pana kitu kimoja, naye ni mtoto anatumwa makaburini. Kila neno linakataza, na makatazo yote yanasukuma mbele. Hakuna hakimu wa kumkamata, maana ukisoma jalada lake utakuta ni mzee aliyeasa.

Na ndiyo maana nagomba juu ya "mjomba". Mjomba kwetu Tanga ni mtu wa utani na kupewa nauli. Baba mdogo ni baba. Akikuasa ni baba amekuasa, akikwambia "iwe siri yetu" umefungwa na baba. Uzito wa lile neno unatoka kwa anayelitamka, na mtafsiri amemvua Scar ubaba kabla hajafungua kinywa.

Kule bondeni Mufasa anakufa kwa kukanyagwa na nyumbu, na Scar ndiye aliyemtupa chini; alipokuwa akimzamishia kucha alimnong'oneza dua ya kumwombea mfalme maisha marefu. Sijui binti angeiweka fungu gani dua ya namna hiyo. Kisha anamkuta mtoto analia juu ya maiti, anamuuliza: Simba, umefanya nini? Jedwalini ni swali. Lakini anayeuliza ndiye aliyetenda, jibu analo. Lile ni shitaka, na kwa kuwa limekuja kwa sura ya swali, mtoto hana la kukana. Anajitetea tu kwamba ilikuwa bahati mbaya, na anayejitetea ameshakubali kwamba kuna kesi.

Sasa niende kwenye jambo lenye fani yangu. Mwishoni kuna kukiri mara mbili. Kwanza Scar anamtaka Simba awaambie simba wote nani anawajibika na kifo cha Mufasa. Simba anasema ni yeye. Hajashikwa, hajapigwa, amesema kwa hiari yake, na si kweli. Halafu kibao kinageuka, Simba anamkaba Scar koo hadi aseme mbele ya wote kwamba yeye ndiye aliyemuua Mufasa. Hilo ni kweli tupu, lakini limetoka kwa kukabwa.

Binti aliyaweka yote mawili fungu la kueleza, alama na alama. Nikamwambia, mbele ya hakimu wangu yasingesimama yote mawili, na kila moja lingeanguka kwa sababu yake. (Mauaji si ngazi yetu, ni Mahakama Kuu, lakini kukiri ni kukiri.) Nakumbuka kijana mmoja aliyeshitakiwa kwa wizi wa mbuzi. Akajibu haraka, "Ni kweli." Nikaandika. Hakimu akaanza kumsomea maelezo, kijana akadakia: ni kweli nilimchukua, lakini ni mbuzi wetu wa mahari, posa ilivunjika nao hawajaturudishia. Hakimu akanigeukia, akaniambia, "Karani, kata. Andika si kweli." Maneno yalikuwa yaleyale, mtu yuleyule, kalamu yangu ndiyo iliyokimbilia.

Simba wa katuni alikuwa kama kijana yule. Amekubali kitu ambacho hajui kilivyotokea, na hakuna aliyemsomea maelezo.

Kwa wanaomcheka binti yetu: mnaosema katuni ni ya watoto, wasikilizeni hao watoto. Yule nyani anayeitwa Rafiki anaimba "asante sana" bila kupewa chochote, kisha anaongeza "wewe nugu, mimi hapana", Kiswahili cha bwana na boi wake. Nyumbani kwangu sasa wajukuu wanaitana nugu kutwa nzima, na mmoja amelia. Na fisi anaitwa Shenzi! Waliomwita hivyo huko Marekani huenda walisikia jina tu. Bibi yao, akiwa jikoni, alisikia tusi, akaja na mwiko.

Kwa watafsiri ombi langu ni dogo. Kabla hamjaingiza sauti, chukueni karatasi mchore ukoo: nani kaka, nani mdogo, nani wa upande wa mama. Ni kazi ya dakika tano.

Binti amerudi chuoni. Jedwali amelibakiza, ila ameongeza safu ya nani anamwambia nani, na nyingine ya hali iliyokuwapo. Kanipigia simu kwamba msimamizi ameipenda ile hoja ya kukiri mara mbili, na ametaka kujua ameitoa kitabu gani. Nimemwambia aandike: mjomba.

Karani mstaafu,
Muheza, Tanga