Amerudi kundini, lakini tumkabidhi watoto?

Ndugu Mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi ni kamati ya Shule ya Jumapili, watu watano, katika usharika wa Kilutheri pembezoni mwa mji mmoja wa Kanda ya Ziwa. Jina la usharika tunalihifadhi, na ukisoma mpaka mwisho utaelewa sababu.

Kuna ndugu mmoja, mpiga kinanda hodari. Mwaka 2015 alifungwa kwa shambulio la aibu dhidi ya mtoto wa miaka 11 aliyekuwa akimfundisha muziki. Alimaliza kifungo, akaishi mkoa mwingine, kisha akarudi nyumbani. Mwaka jana alitubu mbele ya washarika, akapokewa, na sasa anashiriki Meza ya Bwana. Hapo hatuna neno. Neno lilianza kwaya ya watoto ilipokosa mwalimu na mchungaji akapendekeza apewe yeye: kila Jumamosi saa 8 hadi saa 10 alasiri, ndani ya sakristia, kile chumba cha kujiandalia ibada, maana kinanda kinakaa humo. Tulipohoji, tulisomewa 2 Wakorintho 5:17, ya kale yamepita. Mzee mmoja akaongeza kwamba tukimzuia tutakuwa tumemfunga mara ya pili.

Sisi tunaona mambo mawili yamefungwa katika kanga moja. Kurudi kundini kunamrudishia mtu Meza ya Bwana na nafasi yake kati ya washarika. Kazi ni jambo lingine. Mhasibu aliyekula sadaka akitubu tunampokea kwa machozi, ila funguo za kasha hapewi. Na hata yule ambaye hajawahi kuiba senti, hatumwachi peke yake na fedha: wazee watatu wanahesabu mlango ukiwa wazi, kiasi kinaandikwa kwenye daftari, wote watatu wanatia sahihi, na benki haitoi kitu bila sahihi mbili. Hatujasikia mzee akilalamika kwamba amedhalilishwa. Watoto wetu 140 hawana hata daftari la kuonyesha nani kaja kumchukua nani.

Tuikague hiyo sakristia. Ni mita 3 kwa 4. Dirisha ni moja, liko juu, lina nondo na pazia. Mlango ni wa mbao nzito usio na kioo, na komeo liko ndani. Choo cha watoto kiko nyuma ya jengo, hatua kama 60, na njia yake haionekani kutoka popote watu wanapokaa. Seremala ametaka shilingi 45,000 kukata mlango, kuweka kioo cha sentimita 30 kwa 60 na kuling'oa komeo. Tumeomba kazi hiyo ifanyike hata kama huyu ndugu hatakanyaga humo, kwa kuwa chumba cha namna hiyo ni kibaya kwa mwalimu yeyote, hata aliye safi kabisa. Akisingiziwa, hana shahidi.

Kanuni tumekwisha kuandika, na tayari tumeona zinapovuja. Tuliandika "watu wazima wawili muda wote". Mwezi wa kwanza tu, wawili hao wakawa mume na mke. Mara nyingine mmoja akawa binti wa miaka 15. Mara nyingine wa pili alikuwepo kweli, ila nje, akipika chai. Sasa inasomeka hivi: wawili wasio ndugu wala wanandoa, wote wamepita miaka 18, wote wanawaona watoto kwa macho, mpaka mtoto wa mwisho achukuliwe. Huyo mtoto wa mwisho ndiye anayetunyima usingizi. Mazoezi yanaisha saa 10, mzazi anatokea saa 11 kasorobo, na katikati hapo hutokea mwalimu mwema mwenye pikipiki anayejitolea kumfikisha nyumbani. Tumekataza lifti ya mwalimu mmoja na mtoto mmoja, tumekataza vocha na vizawadi vya pembeni, na ujumbe wa simu unapitia kwa mzazi. Wazazi wengine wametuona wakali. Lakini mtu mwenye nia ya kumdhuru mtoto mara nyingi haanzi na mtoto. Anaanza na wazazi, anasaidia, anaaminiwa, ndipo anakuja na zawadi ndogo, halafu siri ndogo. Kanuni inayokataza siri ndogo inamkata mapema.

Kuhusu ukaguzi wa watu wanaojitolea, tulidhani cheti cha polisi, kile cha kupigwa alama za vidole, kitamaliza kazi. Hakimalizi. Kinamwonyesha aliyeshtakiwa akapatikana na hatia, na kwetu mengi ya namna hii humalizwa kifamilia, kwa ng'ombe au kwa kikao cha ukoo, na hayafiki kituoni. Barua ya uhamisho nayo husema tu kwamba fulani ni Mkristo mwema. Kinachotusaidia zaidi ni kuwapigia simu viongozi wawili wa kule mtu alikotoka, wasiochaguliwa na yeye, na kuwauliza kama alihudumia watoto, kama kulikuwa na lalamiko, na kama wangempa watoto tena. Swali la tatu ndilo lenye kazi. Mtu anayejibu haraka mawili ya kwanza, akinyamaza kwenye la tatu, amekwisha kukujibu.

Hapa tukiri kosa letu. Fomu ya kwanza iliuliza, "Umewahi kutengwa na kanisa?" Walimu wawili wa kike, tena wazuri, wakaacha kuja. Walikuwa wamewahi kutengwa kwa kuzaa kabla ya ndoa. Tulichanganya dhambi na hatari. Aliyekuwa mlevi akaacha kwa miaka anaweza kufundisha zaburi, ila asiendeshe gari la kwaya mpaka baraza la wazee liridhike. Kijana aliyevuta bangi zamani hana tatizo na madaftari ya watoto. Aliyemdhuru mtoto ni habari nyingine, na muda ukipita haumhamishi kutoka kapu hilo. Fomu ya sasa ina swali moja: umewahi kulalamikiwa, kushtakiwa au kuhukumiwa kwa kumdhuru mtoto?

Kwa ndugu yetu tumependekeza apige kinanda kwenye ibada kuu, afundishe kwaya ya akina mama na atengeneze vipaza sauti, ambavyo Mungu anajua vinahitaji mtu. Iwepo hati: haingii eneo la Shule ya Jumapili, haendi kwenye mikesha na safari za watoto, ana wazee wawili wa kutembea naye, na hati inapitiwa kila miezi 6 bila tarehe ya mwisho. Mmoja wetu alimgusia. Akasema, "Niwekeni mnapoona panafaa." Anayegomba ni shangazi yake, ambaye ni mzee wa kanisa. Tunachohofia ni droo. Mchungaji akihamishwa na baraza jipya likichaguliwa, karatasi itabaki humo, na kwaya ya watoto itakosa mwalimu tena.

Likitokea jambo jipya, hilo hatuulizi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mtu yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kuna simu ya bure 116, na mtoto aliyeingiliwa afike hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia VVU baada ya hapo hazisaidii. Kamati haimhoji mtoto na haimwiti mtuhumiwa kwa usuluhishi.

Tunayouliza ni haya. Wazazi waambiwe nini, na nani awaambie? Tukitangaza madhabahuni, tunaogopa kumkabidhi kwa wananchi wenye hasira, maana mtaa wetu umewahi kuchoma mtu moto kwa kuku. Tukinyamaza, mzazi anamtuma mtoto nyumbani kwake Jumanne kujifunza kinanda, nje kabisa ya kanuni zetu. Je, kuwaambia wazazi wa kwaya pekee, ana kwa ana, wawili wawili, kunatosha? Pili, hati ihifadhiwe wapi ili isife na baraza hili? Tumefikiria nakala kwa mkuu wa jimbo, aliye juu ya mchungaji wetu, lakini mchungaji anaona tunampita.

La tatu ni zito. Mama wa yule mtoto wa 2015 anasali mtaa wa jirani, yaani tawi jingine la usharika huu huu. Siku ya toba hakuna aliyemjulisha, alisikia sokoni. Mwezi wa tisa mitaa yote inakutana kwenye mashindano ya kwaya, na huyu ndugu ndiye atakayekuwa kwenye kinanda. Tumwendee sasa, tukiwa tumechelewa hivi? Na tukimwendea, twende na nini mkononi?

Baraza linakaa Jumamosi ya tatu ya mwezi huu. Kwa sasa sakristia imefungwa, na ufunguo uko kwa mama mhasibu.

Wenu katika Bwana,
Katibu, kwa niaba ya kamati