Shukran kwa yule dada wa laibrari

Jina lako silijui na wewe pia hukuniuliza langu, ila kama bado uko hapa Mombasa, dada wa buibui uliyekua unakaa upande wa dirisha pale laibrari, shukran sana wallahi. Mimi ndo yule mama wa Kisauni nlokua nafanya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, kama praiveti, na Kiingereza kilikua kinanitoa jasho kuliko hata hesabu. Ulikua na kazi zako ukaziweka kando ukanifunza ile sehemu ya kujaza mapengo ya peipa ya kwanza, kwamba nisikurupuke, nisome habari yote mpaka mwisho halafu niangalie neno lililo nyuma na lililo mbele ya pengo ndo nijue hapa pataka kitenzi ama kihusishi, na hizo ni maksi 10 watu wanazimwaga hivi hivi tu. Peipa ya pili ndo usiseme, maksi 80, ufahamu, fasihi na gramma zote humo! Ukanambia nisome gazeti kila siku, hata la jana lililofungiwa mahamri (nlicheka, lakini nliyasoma kweli), na kila msamiati mpya niutungie sentensi yangu mwenyewe sio kuukariri peke yake. Na zile sentensi za kugeuza bila kuharibu maana, hukunicheka hata siku moja, kuna walimu wangejifunza kwako.

Nimepita, chuo nimeitwa. Ukiniona njiani nisimamishe basi, biriani yako ipo.