Tunaposema nimekosa mimi, waliokosewa nao waachwe waseme

Mhariri, Tumsifu Yesu Kristo, na salaam kwa wasomaji wote wa gazeti lenu. Mi ni mpiga video hapa Nkuhungu Dodoma, mwaka wa kumi na moja sasa nashuti harusi, komunio ya kwanza, kipaimara, misiba, na sherehe za kumuaga paroko akipata uhamisho. Ni Mkatoliki, nimebatizwa mchanga huko Bahi na mama yangu ni wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, mpaka leo. Nasema haya mapema ili asije mtu akasema nimetumwa.

Juzi kwenye jumuiya kijana mmoja alianza kutuonyesha kwenye simu kipande cha filamu kuhusu mapadre waliowadhalilisha watoto huko nje na maaskofu waliowaficha, mzee wetu mmoja akasema zima hiyo, hao wanataka kulichafua Kanisa. Ikazimwa, tukasali, tukaagana. Namheshimu sana yule mzee, kanisimamia ndoa yangu, ila kwa hili nadhani amekosea na nimeona nimjibu hapa maana pale sikuwa na ujasiri.

Nilitafuta filamu za namna hiyo nikaziangalia mpaka mwisho. Ya kwanza ni ya mtengeneza filamu Mmarekani Alex Gibney ya 2012, inaitwa Mea Maxima Culpa, yaani ile ile nimekosa sana tunayojipigia kifua kila Jumapili. Ni habari ya shule ya bweni ya watoto viziwi karibu na Milwaukee, Marekani, kulikua na padre Lawrence Murphy aliyekaa pale tangu 1950 mpaka 1974, na watoto aliowadhalilisha wanakadiriwa kufika 200. Padre yule alijua lugha ya alama vizuri sana, wazazi wengi wa wale watoto hawakuijua. Sasa wewe fikiria, mtoto anarudi likizo na jambo zito hivyo moyoni na mtu pekee anayeweza kumwelewa ni yule yule aliyemfanyia. Walipokua vijana wakachapisha vipeperushi wakavigawa nje ya kanisa kuu, haikusaidia. Miaka ya 90 barua zikafika mpaka Roma, kesi ya kikanisa ikaanzishwa, Murphy akaandika kuomba ahurumiwe kwamba ni mgonjwa, na 1998 akafa akiwa bado padre, hajahukumiwa.

Kilichonitoa machozi mimi kama mtu wa kamera ni jinsi walivyorekodiwa. Sisi tumezoea mtu akiwa na jambo la aibu unamuweka gizani unabadilisha sauti. Mdogo wangu wa kuzaliwa ni kiziwi, nawaambieni kiziwi anaongea kwa mikono na kwa uso, ukimfunika uso umemnyamazisha kabisa. Gibney aliwaweka kwenye mwanga, watu wazima wenye mvi, waigizaji wakawasomea maneno yao kwa sauti, na chini ya ile sauti unasikia viganja vyao vinagongana wanapokasirika. Ile sauti ya viganja sijaisahau mpaka leo.

Halafu ile ya mtengeneza filamu Amy Berg ya 2006, Deliver Us from Evil, inayomhusu padre Oliver O'Grady aliyedhalilisha watoto huko California. Huyu alikua anahamishwa parokia hii kwenda ile, na kila anapofika anakaribishwa kwa furaha maana waumini hawajaambiwa kitu. Mi nimeshuti kuaga mapadre mara nyingi, mbuzi, vitenge, kina mama wanalia, na simsemi vibaya padre yeyote niliyemrekodi, wengi ni watu wa Mungu kweli. Ila nilipoona baba mmoja kwenye ile filamu, aliyekua anamkaribisha O'Grady alale nyumbani kwake, analia kama mtoto kwa yale yaliyompata binti yake ndani ya nyumba hiyo hiyo, nikajiuliza mzee wetu angemwambia yule baba kwamba analichafua Kanisa? Wote hao walikua ndani ya Kanisa letu. Ni watu wa Kanisa wanaosema.

Na filamu zinafanya kazi ambayo barua zilishindwa. Poland, nchi ya Papa Yohane Paulo wa Pili, 2019 mwandishi Tomasz Sekielski alichangiwa pesa na wananchi wa kawaida akatengeneza filamu yake ya jambo hili hili akaiweka YouTube bure, ikaangaliwa zaidi ya mara milioni 20. Mwaka uliofuata akatoa nyingine, iliyomtaja askofu wa jimbo la Kalisz huko huko Poland kwamba aliwalinda mapadre wa namna hiyo, askofu mkuu wao mmoja mwenyewe akaomba Vatikani ichunguze, na Oktoba 2020 askofu yule wa Kalisz akajiuzulu.

Na Papa Fransisko mwenyewe Mei 2019 alitoa sheria kwamba padre au mtawa akijua jambo la namna hiyo lazima aripoti, na kila jimbo liwe na utaratibu wa watu kupeleka malalamiko. Parokiani kwangu mi sijawahi kuusikia ukitangazwa, tunatangaziwa michango, ndoa, ratiba ya usafi. Naomba utangazwe, na namba ya simu ibandikwe pale mlangoni, pamoja na 116 ya kusaidia watoto na dawati la jinsia la polisi. Kwenye sala ya kuungama tunataja pia dhambi ya kutotimiza wajibu, mi naona kunyamaza kwa waliojua ndio hiyo.

Mnisamehe nimekua mrefu, namalizia na la kwangu. Miaka kadhaa nyuma kwenye kijiji kimoja cha huku kwetu nilienda kushuti msiba, mama mmoja akanivuta pembeni akaniomba nimrekodi. Binti yake alinajisiwa na mwalimu wa tuisheni, sio mtu wa kanisa kabisa, wazee wakakaa kikao wakatoza mbuzi wawili na pesa kidogo, wakasema yaishe nyumbani. Mama aliongea dakika arobaini. Ile klipu ninayo, sijamuonyesha mtu, kwa sababu mtoto alikua wa miaka kumi na mbili na haikua haki mimi na mama yake tumuamulie. Sasa kafika miaka kumi na tisa. Natamani nitengeneze filamu ya dakika ishirini tu, kibali nitaomba Bodi ya Filamu kama inavyotakiwa, ila kabla ya kibali cha Bodi kuna cha kwake. Mwezi uliopita nilimpigia simu nikamueleza yote. Kasema, kaka nipe muda nifikirie, na kama nikikubali nataka niongee mwenyewe, sio mama. Nimemwambia achukue muda wote anaoutaka.

Mpiga video, Nkuhungu, Dodoma