Barua ya Wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: Tufungulieni Majarida

Profesa, shikamoo.

Barua za kupitia kwa mkuu wa idara nimeandika, na najua zilifika kwa sababu nakala zangu zina mihuri ya kupokelewa. Jibu ni lile lile: "Linafanyiwa kazi." Sasa Jumatatu maktaba imebandika tangazo mlangoni kwamba huduma ya majarida ya kielektroniki "imesitishwa kwa muda". Halina sababu wala tarehe ya kurejea. Ndiyo maana naandika hadharani, uniwie radhi.

Natafiti magonjwa ya muhogo. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1936, na mtafiti wa kituo cha Amani, hapo Usambara. Leo mimi, Mtanzania, nikitaka kusoma yaliyoandikwa juu ya ugonjwa huo huo, kompyuta ya chuo inaniletea ukurasa wa malipo: dola 30 na ushee kwa makala moja. Nasoma muhtasari, napita. Kisha msimamizi wangu ananiuliza mbona marejeo yangu ni ya zamani. Nimjibu nini?

Namwomba rafiki yangu aliye Uholanzi anitumie PDF kwa WhatsApp, usiku, akiwa amechoka na yake. Nawaandikia waandishi wenyewe. Wengine hujibu siku hiyo hiyo, Mungu awabariki, wengine kimya. Kuna na Sci-Hub, tovuti ya kupakua makala bure bila idhini ya wachapishaji, lakini hiyo sitaitaja kwenye barua rasmi.

Ulipozindua maabara ya kompyuta ulituahidi kwamba ifikapo Juni tutasoma majarida hata tukiwa majumbani. Tulipiga makofi sana. Juni imepita, Profesa. Ya nyumbani tumeshasamehe, tunaomba basi tusome hata tukiwa humo humo maktaba.

Tunaambiwa pesa hakuna. Hapo ndipo ninaposhindwa kuelewa. Mpango wa Research4Life, unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa ada nafuu, na unaoendeshwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na wachapishaji, ulianza na HINARI ya afya mwaka 2002, ikafuata AGORA ya kilimo 2003. Taasisi za nchi za kundi la pili hulipa ada. Sisi tuko kundi la kwanza, la bure. Kinachotakiwa ni chuo kisajiliwe na mkutubi awe na nywila inayofungua. Pesa gani hiyo isiyokuwepo?

Vijana wa TEHAMA wananong'ona kwamba chuo kilipobadilisha kampuni ya intaneti, anwani zetu za IP, yaani namba zinazokitambulisha chuo mtandaoni, zilibadilika na hakuna aliyewaarifu wachapishaji. Wao hututambua kwa anwani hizo, kwa hiyo kwao sasa sisi ni wapita njia. Huenda si hivyo. Huenda kuna sahihi moja inamsubiri mtu arudi safari.

Wapo wanaotuambia tusome majarida ya ufikiaji huria, yaani yanayosomwa bure na yeyote, yamejaa tele. Tunayasoma, na yametuokoa. Ila si kila kitu kimo humo, na kuchapisha humo mara nyingi kuna ada. Julai 2020 tulishangilia kuingia uchumi wa kati wa chini. Baadhi ya wachapishaji husamehe ada yote kwa nchi za kipato cha chini, na nusu tu kwa daraja letu jipya. Hongera zetu. Huku Serikali inaahidi shilingi milioni 50 kwa watakaochapisha kwenye majarida makubwa ya kimataifa, majarida ambayo sisi hata kuyasoma hatuwezi.

Siombi posho wala maabara nyingine ya kuzinduliwa. Naomba anwani mpya za IP zitumwe kwa wachapishaji. Ni barua pepe tu. Kama tatizo si hilo, basi tangazo la mlangoni liandikwe upya, liseme tatizo ni nini na liko mezani kwa nani.

Lakini anwani zitumwe, Profesa. Hata leo, kabla ofisi hazijafungwa.

Wako mtiifu, bado,
Mwanafunzi wa uzamivu, Kilimo